Arobaini na Mmoja Ng'ambo ya Mpaka

Ndiyo, alimwita waziri muongo. Wiki nzima mmenisimamisha barabarani mkiniuliza kama nilikosea kuandika, na jibu langu ni lile lile: sikukosea. Alivua hedifoni, akasimama, akalitamka neno lenyewe mbele ya wabunge kumi na wawili, saa nne ya asubuhi, chumba cha kamati namba tatu.

"Muongo!"

Kwa ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni, mwanamke huyu ni mwandishi wa taarifa rasmi za Bunge. Kazi yake ni kusikiliza na kupiga chapa kila linalosemwa, hata mheshimiwa akikohoa. Miaka kumi na tisa amekaa kwenye kile kimeza cha pembeni bila kufungua mdomo. Wenzake wanamwita Mama Masikio. Ni mjane. Ana mtoto mmoja tu, koplo wa mawasiliano jeshini, mwembamba hata mtaa mzima unamwita Kijiti.

Miezi minane iliyopita magaidi kutoka ng'ambo ya mpaka walilipua soko, wakaua watu sitini na mmoja. Nchi ililia, ikatukana, ikataka damu. Serikali ikajibu kwa kutuma ng'ambo askari arobaini na mmoja. Arobaini na mmoja! Harusi ya mtu wa kawaida ina wageni wengi kuliko hao. Kijiti yumo. Na siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri, Bunge zima lilikuwa lipige kura: nchi iingie vitani kwa nguvu zake zote, au iwarudishe vijana wake nyumbani.

Na Waziri wa Ulinzi alikuwa ametoka kusema nini? Kwamba vijana wale wako salama. Wanakula, wanalala, jioni wanacheza karata.

"Nani huyu?" Waziri aligeuka taratibu, kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. "Huyu si mpiga chapa?"

"Ni mama wa mmoja wao," Mama Masikio alijibu. "Wamezingirwa. Leo siku ya nne. Hawana maji. Na wewe unajua, halafu unakaa hapo na tai yako unatuambia wanacheza karata!"

"Mtoeni!"

"Mrudisheni mwanangu!"

Walinzi wawili walishamshika mikono. Ndipo mwenyekiti wa kamati alipogonga meza kwa mkongojo. Mwenyekiti huyu ni mama wa miaka sabini, alifundisha hesabu kabla ya siasa, na hata waziri humwita Mwalimu kwa kuwa alimfundisha darasa la sita na kumchapa.

"Mwacheni. Wewe mama, umesema siku ya nne. Una ushahidi, au una uchungu tu?"

"Nina vyote viwili."

"Uchungu hauingii kwenye kumbukumbu. Ushahidi uko wapi?"

"Sauti yake mwenyewe. Iko kwenye simu ya shemeji yangu."

Waziri alicheka. "Simu ya shemeji! Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaendesha nchi au tunasuluhisha ugomvi wa jikoni?"

Mwalimu hakumtazama. Alitazama saa ya ukutani. "Kikao kinaahirishwa mpaka saa sita. Mama, niletee hiyo simu. Usipoileta, nitakufukuza kazi mimi mwenyewe."

*

Shemeji yake ni mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa mafriji. Karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta, dakika ishirini kwa miguu ukikimbia, na Mama Masikio alikimbia. Alimkuta amepiga magoti nyuma ya friji la bucha, tochi mdomoni, mikono imejaa grisi.

"Nipe simu."

"Shemeji! Mbona saa hizi—"

"Nipe simu."

Fundi alitoa tochi mdomoni. Mkono mmoja ukaenda mfukoni wenyewe, ukaifunika simu. Hapo fundi akajua kwamba shemeji yake anajua.

"Umeisikia."

"Uliisahau mezani kwangu asubuhi ulipokuja kunywa chai. Ikalia, ujumbe wa sauti, nikabonyeza, nikamsikia mwanangu kabla hujarudi kuichukua. 'Baba mdogo, leo siku ya nne, maji yamekwisha, usimwambie mama.' Siku ya nne, shemeji! Siku nne unakunywa chai yangu, unaniuliza hali, nakwambia nzuri, nawe unaitikia!"

"Aliniomba nisikwambie."

"Kijiti ni mtoto! Wewe una mvi mpaka puani!"

"Na wewe ungefanya nini?" Fundi alisimama, naye sasa amewaka. "Ungekwenda Bungeni kulia, si ndiyo? Wale wabunge wangetetemeka, wangesema basi, vijana warudi, yaishe. Na waliomuua mke wangu wangebaki huko wanacheka, wanachanganya baruti nyingine! Mke wangu alikwenda kununua nyanya. Nyanya, shemeji! Wakaniletea kiatu kimoja. Nikazika kiatu. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Na tangu siku ile nakuvumilia. Unatukana redio, navumilia. Unampigia makofi yule mbunge wa vita mezani kwangu, navumilia. Lakini kumtoa mwanangu awe fidia ya mkeo, hapana. Hilo hukuniuliza."

"Mimi nataka nchi nzima iende!"

"Nchi nzima haikwenda! Amekwenda Kijiti!"

Mteja mmoja aliyekuwa amekuja kuulizia friji lake alirudi nyuma polepole, akaondoka bila kuaga. Na mkononi mwa fundi, simu ikaita.

Walitazamana. Namba ndefu, ya simu ya setilaiti. Mama Masikio aliipokonya.

"Baba mdogo?"

"Ni mama yako."

"Nilimwambia asi—"

"Funga mdomo. Umekula?"

"Mama, betri inakwisha, nisikilize. Tuko ndani ya shule. Si sisi peke yetu. Kuna raia mia mbili humu, wamekimbilia kwetu. Jana magaidi walimtuma mtu. Wanasema tuwaachie raia, sisi tuondoke na bunduki zetu, hakuna atakayetugusa."

"Basi ondokeni!"

Msomaji, usimhukumu upesi. Neno lile lilimtoka kabla hajalionja.

"Mama, hawa raia ndio waliotuuzia maji na kutuonyesha njia za magaidi," Kijiti alisema. "Ndiyo kosa lao. Wazee, walimu, wanawake wenye vichanga. Tukitoka getini, wanachinjwa kabla hatujafika barabarani."

"Hao si watu wetu, Kijiti!"

"Kuna bibi hapa analifua shati langu kwa kikombe cha mwisho cha maji ya kunywa, alichokatazwa kukigusa. Nimempigia kelele, hasikii. Ananiita mwanangu. Nikupe umwambie wewe kwamba si watu wetu?"

Mama Masikio alikaa juu ya kreti. Alitaka kulia, ikatoka hasira. "Nimezaa mjinga! Nimekunyonyesha miaka miwili ukawe shujaa wa watoto wa wenzio? Nani alikwambia uwe na roho hiyo? Nani?"

"Mama, usiwaambie watutoe. Waambie walete watu. Vifaru, madaktari, kila kitu. Au basi wasingetuleta kabisa. Watu arobaini na mmoja si jeshi, mama. Ni chambo."

Mlio ulipasuka karibu na simu, wa pili ukafuata. Mtu alipiga kelele kwa lugha ambayo hawakuijua. Kisha sauti ya Kijiti, ya mshangao, kama mtoto aliyeona kitu angani.

"Mama, ngoja. Kuna helikopta. Mama, kuna heli—"

Simu ikakatika.

Fundi alikuwa ameegemea friji la bucha. Uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Miezi minane alikuwa ameitaka vita kwa mdomo; sasa alikuwa ameisikia kwa sikio, na ilikuwa na sauti ya mtoto aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

"Mtoe," alisema.

"Nini?"

"Mtoe, shemeji! Nenda kawaambie wamtoe! Nimemzika mke, simziki na mtoto. Waache hao raia, waache kila kitu, mtoe Kijiti!"

"Dakika chache zilizopita ulitaka nchi nzima iende."

"Nilikuwa mpumbavu!"

"Ungeligundua hilo siku nne kabla, tungepata nafasi." Aliinuka, akakung'uta sketi. "Washa gari."

*

Gari la fundi ni kigari cha mizigo ambacho milango yake hufungwa kwa waya. Nyuma mlikuwa na mafriji matatu ya kupeleka kwa wateja, na hapakuwa na muda wa kuyashusha. Walifika Bungeni saa sita kasoro dakika kumi, mafriji yakigongana kama ng'oma.

Mlinzi wa getini alipitisha kidole kwenye orodha yake. Jina la Mama Masikio lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu.

"Mama, samahani. Umesimamishwa kazi. Huna ruhusa ya kuingia."

"Miaka kumi na tisa nakupita hapa asubuhi!"

"Ndiyo maana nimesema samahani."

"Huyo ni shahidi wangu," ilisema sauti nyuma yake. Mwalimu alikuwa ameshuka ngazi zote thelathini na mbili kwa mkongojo wake, anahema. "Shahidi haandikwi kwenye orodha ya wafanyakazi. Fungua, kijana, kabla sijaanza kukuuliza hesabu za kichwa."

Akaingia. Lakini mlangoni mwa chumba namba tatu, mtu alimgusa bega. Waziri. Hakuwa na walinzi, na hakuwa na ile sauti ya asubuhi. Alikuwa na sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

"Mama, njoo kidogo. Mimi pia ni mzazi."

Alisogea naye pembeni.

"Nimetuma helikopta tangu tulipoahirisha. Ina nafasi za watu wanane. Mwanao nimemwandika wa kwanza, kwa jina lake. Kabla ya saa saba utamkumbatia."

Msomaji, nisikudanganye: alifurahi. Kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi hakukuwa na shule, hakukuwa na bibi wa shati, hakukuwa na raia mia mbili. Palikuwa na Kijiti anashuka kwenye helikopta, na kola yake imechafuka.

"Unataka nini kwangu?"

"Kidogo sana. Ingia, waambie ulichanganyikiwa. Mzazi akiwa na wasiwasi husikia hata yasiyosemwa. Watakuhurumia. Kesho unarudi kazini kwako."

"Na wale thelathini na wawili watakaobaki?"

"Hayo mengine ni ya taifa, mama."

"Una helikopta ngapi?"

Waziri alitabasamu kwa uchovu. "Helikopta moja ni msaada. Helikopta tano ni habari. Nikirusha tano, gazeti litaandika kwamba tumeshindwa. Nikirusha vifaru, litaandika kwamba nimeanzisha vita. Nchi haitaki kushindwa na haitaki vita. Kwa hiyo twende hivi hivi, kidogo kidogo, mpaka watu wachoke kuuliza."

"Kidogo kidogo," alirudia.

"Ndiyo siasa."

"Kwa hiyo ulijua. Wakati ule unasema karata, ulijua."

Waziri alimfungulia mlango, kwa adabu, kama mwenyeji.

*

Walimkalisha mbele, kwenye kiti cha mashahidi. Kwenye kimeza chake cha pembeni alikuwa amekaa mwenzake wa zamu, vidole juu ya kibodi, hathubutu kumtazama.

"Haya, mama," Mwalimu alisema. "Tunakusikiliza."

Mama Masikio aliitoa simu, akaigeuzageuza mkononi. Waziri alikunja mikono kifuani, akatulia kama mtu aliyekwishashiba.

Kisha mama yule akaiweka simu karibu na kipaza sauti, akabonyeza.

*Baba mdogo, leo siku ya nne. Maji yamekwisha. Sajini amefariki usiku, tumemzika chini ya ubao wa matangazo. Makao makuu wanatuambia tusubiri, waziri anasema wiki hii kuna kura. Usimwambie mama.*

Waziri alikunjua mikono.

Mbunge wa kwanza kuruka alikuwa yule wanayemwita Baruti, ambaye huitaka vita hata kwenye mjadala wa mabomba ya maji. "Si mmesikia? Si nilisema? Twende sasa hivi! Nchi nzima! Tuwafuate mpaka kwenye mashimo yao! Mama huyu ni shujaa, na kilio chake kinataka vita!"

"Mheshimiwa, usinililie kwa mdomo wako," Mama Masikio alisema.

Baruti alibaki mkono juu.

"Miaka saba iliyopita ulisimama hapo ukaomba umri wa kuingia jeshini ushushwe. Niliandika. Wiki iliyofuata ukaomba ruhusa usihudhurie vikao, mwanao anahitimu chuo ng'ambo. Hiyo nayo niliandika. Leo wewe unao wangapi kule kwenye ile shule?"

Baruti alikaa.

"Haswa!" alidakia mbunge wa upande wa pili, mtu wa miwani, mpinzani wa vita. "Vita si yetu! Warudi leo, tufunge mpaka, yanayotokea huko ni ya huko!"

Mama alimgeukia naye, na hasira ikapanda daraja jingine.

"Na wewe. Siku soko lilipolipuliwa ulisema hapa hapa kwamba hilo ni jambo la kusikitisha, kisha ukaomba mjadala uendelee na ushuru wa magari. Mke wa shemeji yangu alikuwa hajapatikana mwili. Niliandika huku machozi yananidondokea kwenye kibodi. Mpaka ulikuwa umefungwa siku ile, mheshimiwa. Magaidi walipita. Na mkiwatoa hao vijana leo, raia mia mbili waliotusaidia wanachinjwa kabla ya jua kuzama. Nani tena atatupa maji? Nani atatuonyesha njia wanazotokea magaidi?"

"Sasa unataka nini?" Mwalimu aliuliza, na hakuuliza kwa ukali. "Wewe mwenyewe. Asubuhi ulisema arudishwe."

"Asubuhi nilikuwa sijaongea naye." Alifuta uso kwa kiganja. "Mwalimu, mimi sitaki vita. Namtaka mwanangu. Sasa hivi mtu amenipa mwanangu hapo mlangoni, mkononi, nikubali tu kuitwa mwehu. Nimebakisha kidogo nikubali."

Chumba kizima kikamtazama waziri.

"Lakini wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ninyi mmeyavulia nguo, mkamsukuma Kijiti ndani, wenyewe mmebaki ukingoni mmeshika taulo! Miezi minane naandika maneno yenu. Hatua kwa hatua. Kwa uangalifu. Kwa kadiri hali itakavyoruhusu. Hakuna gaidi aliyewahi kufa kwa kadiri hali itakavyoruhusu! Kama adui huyu ni wa kupigana naye, mwendeeni kwa kila mlicho nacho, na watoto wenu wawemo. Kama si wa kupigana naye, semeni leo, mwende na magari mia mkawachukue vijana wetu na wale watu wao, halafu mje mtuambie usoni sisi tuliofiwa kwamba mmeshindwa. Lakini hii ya katikati, hii ya watu arobaini na mmoja, hii ndiyo inayoniua."

Mwandishi wa zamu alikuwa ameacha kupiga chapa. Mwalimu akamnong'oneza, "Andika, binti. Usiruke hata neno."

Hapo ndipo msaidizi wa waziri alipoingia na karatasi. Waziri aliisoma mara moja. Akaisoma tena. Uso ulimpauka, kisha ukawaka wote kwa mkupuo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti. Helikopta imetua uwanja wa jeshi."

Mama Masikio alisimama. "Kijiti?"

"Haina askari hata mmoja," waziri alisema, akimtazama yeye tu. "Ina watoto wanane. Watoto wa kigeni. Mwanao aliamriwa kupanda na rubani, kwa jina lake, mara tatu. Alikataa. Akajaza ndege ya serikali watoto wa watu asiowajua, akafunga mlango, akarudi kwenye shimo lake. Hilo kijeshi linaitwa kukaidi amri mbele ya adui. Kuanzia sasa koplo huyo ni muasi."

Msomaji, kifungu cha sheria ya jeshi juu ya kosa hilo ni kifupi sana. Kina adhabu moja: kifo.

"Nani alitoa amri ya kumchukua koplo mmoja kwa jina?" Mwalimu aliuliza.

"Hilo ni la kijeshi. Kamati haihusiki."

"Na watoto?"

"Hawana hati. Hatujui baba zao ni akina nani, huenda ndio hao hao magaidi. Helikopta inajazwa mafuta. Ndani ya nusu saa wanarudishwa walikotoka."

"Pale shuleni? Penye risasi?"

"Walikotoka," waziri alirudia, akafunga jalada lake.

Mwalimu aligonga meza mpaka mkongojo ukapasuka, lakini waziri alikuwa keshatoka. Kizee yule aliinama sikioni mwa Mama Masikio. Meno yalikuwa yanamgongana kwa ghadhabu.

"Kura ni saa tisa, na mpaka saa tisa mimi sina mamlaka kwenye uwanja ule. Nikiandika barua watanijibu kesho. Wewe umeshasimamishwa kazi, huna cha kupoteza. Kama watoto hao wataonekana mbele ya Bunge hili, hakuna atakayethubutu kusema karata tena. Umenielewa?"

Mama Masikio alikuwa ameshafika mlangoni.

*

Fundi aliwasha gari kabla hajaulizwa. Alimsikiliza njia nzima, macho barabarani, taya limekaza.

"Alikuwa na kiti chake," alisema mwishowe.

"Alikuwa nacho."

"Cha kwanza. Kwa jina."

"Akirudi nitamchapa," Mama Masikio alisema. "Haki ya Mungu, na ukoplo wake, nitamchapa mpaka mtaa ujae." Akageukia dirishani.

Uwanja wa jeshi umezungukwa na uzio wa waya. Kutoka barabarani waliona kila kitu. Helikopta ya kijani, bomba la mafuta linachomolewa ubavuni. Na kwenye nyasi, watoto wanane wamekalishwa mstari mmoja, mikono vichwani. Mkubwa wao, msichana wa kama miaka kumi, alikuwa na mkono mmoja tu kichwani. Wa pili ulikuwa umeshika kichanga.

Askari wawili walikuwa wanawasimamisha. Msichana aliiona ile helikopta, akaelewa, akaanza kupiga mayowe. Mayowe yake yalivuka uzio. Mapanga ya juu ya helikopta yakaanza kuzunguka, polepole kwanza.

Geti lilikuwa la mabomba ya chuma, limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi alitoka kibandani akawapungia mkono: geuzeni, geuzeni.

Fundi alisimamisha gari. Alikuwa analia bila kujua kwamba analia. "Wanawapandisha, shemeji. Tufanyeje? Nikamwombe? Nishuke nikamwombe?"

Mama Masikio hakuwa anamtazama mlinzi. Alikuwa anautazama mnyororo.

"Hili gari, na mafriji yote nyuma, lina uzito gani?"

"Tani mbili na ushei. Kwa nini?"

Alivuta mkanda wa kiti, akaufunga, akaukaza.

"Rudi nyuma mpaka kwenye kona," alisema. "Piga honi huyo mlinzi apishe. Halafu, shemeji, usiguse breki."